Je, Wajua Kwa Nini Kufunga Kadi ya Mkopo Usiyoitumia Kunaweza Kushusha Alama Zako Marekani?

Aliyekulia Nairobi anajua kwamba jina kutajwa CRB, yaani kampuni za Kenya zinazohifadhi taarifa za wakopaji, ni habari mbaya, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku maana yake ni mtu aliyekopa akashindwa kulipa. Akihamia Minneapolis au Dallas hukuta mambo yamegeuka: asiyewahi kukopa hana alama zozote za mkopo, yaani namba inayomwonyesha mkopeshaji jinsi mtu anavyoaminika kulipa deni, na asiye na alama hupata tabu ya kupanga nyumba au kununua gari kwa riba nafuu. Basi huchukua kadi moja ya mkopo, kisha ya pili, kisha ile ya duka aliyoshawishiwa nayo kwa punguzo la siku ya kwanza, mpaka siku moja anafungua droo na kukuta kadi nne, mbili kati yake hajazigusa kwa miaka mitatu. Anaona ni busara kuzifunga. Hajakopa upya wala hajachelewa kulipa chochote, lakini mwezi unaofuata alama zake zimeshuka. Kosa lake ni nini?

Hakuna kosa, ila kuna hesabu. Alama zinazotumiwa zaidi na wakopeshaji wa Marekani ni za FICO, zilizopewa jina la kampuni ya Fair Isaac, ambayo Bill Fair na Earl Isaac waliianzisha California mwaka 1956, ingawa alama za jumla tunazozijua leo zilitolewa mwaka 1989. Huanzia 300 na kufikia 850, na hukokotolewa kutokana na taarifa zinazohifadhiwa na kampuni tatu, yaani Equifax, Experian na TransUnion. Kwa maelezo ya Fair Isaac wenyewe, asilimia 35 ya alama hutokana na uaminifu wa kulipa kwa wakati, asilimia 30 na kiasi unachodaiwa, asilimia 15 na umri wa historia yako ya mikopo, asilimia 10 na mikopo mipya, na asilimia 10 iliyobaki na mchanganyiko wa aina za mikopo uliyo nayo. Kadi iliyolala droo huingia hasa katika ile asilimia 30, mahali ambapo mwenyewe hadhani kwamba ipo.

Sababu ni kwamba kiasi unachodaiwa hakitazamwi peke yake, bali hulinganishwa na kiasi ulichoruhusiwa kukopa. Chukua mtu mwenye kadi tatu, zenye vikomo vya dola 3,000, dola 5,000 na dola 2,000, ambaye jumla ya deni lake ni dola 1,500 katika kadi ya kwanza. Ameruhusiwa dola 10,000 na ametumia asilimia 15 tu. Akiifunga ile ya dola 5,000, ambayo haina deni hata senti, kikomo chake huondolewa katika hesabu, na dola zilezile 1,500 sasa zinapimwa dhidi ya dola 5,000, yaani asilimia 30. Matumizi hayakubadilika hata kidogo, lakini kwa jicho la mkopeshaji mtu huyu amesogea karibu na ukingo, na takwimu za miaka mingi zimewafundisha wakopeshaji kwamba anayekaribia kikomo ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kushindwa kulipa.

Anayelipa deni lote kila mwezi asijione yuko salama moja kwa moja. Benki nyingi hupeleka taarifa kwa zile kampuni tatu mara moja kwa mwezi, kwa kawaida siku ambayo ankara inafungwa, yaani kabla hujailipa, kwa hiyo deni huonekana hata kwa mtu asiyewahi kulipa riba. Kwa upande mwingine, ambaye kadi zake zote husomeka sifuri siku hiyo hapotezi chochote katika uwiano huu, kwa sababu sifuri ukiigawa kwa 5,000 au kwa 10,000 itabaki sifuri. Tena matoleo mengi ya alama za FICO hutazama hali ya sasa tu, hivyo mtu akipunguza deni, pengo lile huzibika upesi. Ndiyo maana ninaona kwamba hofu ya kufunga kadi imekuzwa kupita kiasi kwa watu wasio na mpango wa kukopa karibuni, na imepuuzwa na wale walio katikati ya kuomba mkopo wa nyumba, ambao hawapaswi kugusa kadi yoyote mpaka wakabidhiwe funguo.

Jambo la pili linalosemwa sana ni umri wa historia, na hapa wengi hukosea. Husemwa kwamba ukifunga kadi ya miaka 12, miaka hiyo hufutika papo hapo. Sivyo kwa FICO. Akaunti iliyofungwa ikiwa haina doa hubaki katika taarifa zako hadi miaka 10, na katika muda huo FICO huendelea kuihesabu inapopima umri. Athari huja baadaye, siku akaunti hiyo itakapoondolewa, na kama wakati huo akaunti zako nyingine zimekomaa, huenda usihisi chochote. Alama za VantageScore, zilizobuniwa na kampuni zile tatu mwaka 2006, zina kanuni zake, kwa hiyo mtu anayefuatilia alama kwenye simu asishangae kuona namba mbili tofauti kwa siku moja.

Wageni wana suala lao wenyewe ambalo Wamarekani wa kuzaliwa hawalijui sana. Kadi ya kwanza ya mhamiaji mara nyingi ni ya dhamana: unaweka benki dola 200 au 300, na kiasi hicho ndicho kinachokuwa kikomo chako. Baada ya mwaka mmoja au miwili ukapata kadi ya kawaida, unatamani kuifunga ile ya kwanza ili urudishiwe pesa zako, na si tamaa mbaya. Lakini ndiyo akaunti yako kongwe kuliko zote. Kabla ya kuifunga, ipigie benki simu uulize kama wanaweza kuigeuza iwe kadi ya kawaida, kwani benki kadhaa hufanya hivyo, hukurudishia dhamana, na akaunti huendelea na tarehe yake ileile ya kufunguliwa.

Pamoja na hayo yote, zipo kadi zinazostahili kufungwa. Kadi inayodai ada ya dola 95 kila mwaka nawe huioni faida yake ni mzigo, na hakuna alama zinazostahili kununuliwa kwa bei hiyo mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, omba kwanza ibadilishwe iwe aina isiyo na ada ndani ya benki hiyohiyo, maana mara nyingi kikomo na historia hubaki. Kadi uliyoshirikiana na mtu mliyeachana pia haifai kuachwa wazi, kwa sababu kila mmoja wenu anaweza kudaiwa deni la mwenzake. Na kuna anayejijua kwamba kikomo kikiwepo atakitumia. Huyo afunge. Riba ya kadi za Marekani mara nyingi huzidi asilimia 20 kwa mwaka, na hasara ya deni la aina hiyo ni kubwa kuliko ya alama chache zinazoweza kurudi.

Anayeamua kuiacha wazi ajue kwamba kadi isiyotumika kabisa inaweza kufungwa na benki yenyewe, tena bila lazima ya kumtaarifu mapema, na athari katika uwiano ni ileile kana kwamba ameifunga yeye. Sheria ya mwaka 2009 iliyorekebisha biashara ya kadi ilipelekea marufuku ya ada ya kutotumia kadi, lakini haikuizuia benki kuifunga. Kinga yake ni ndogo: nunua kitu cha dola chache kila baada ya miezi michache, ulipe chote. Washa pia ujumbe wa simu kwa kila malipo, kwa sababu mwizi hupendelea kadi ambayo mwenyewe haisomi ankara zake, na sheria humpa mteja siku 60 tu tangu kutumiwa ankara kupinga kwa maandishi makosa yaliyomo.

Anayefunga naye aanze kwa kulipa deni mpaka sifuri, kisha asubiri ankara moja zaidi, kwani aliyekuwa na deni la muda mrefu mara nyingi hukuta riba ya siku za mwisho imebaki nyuma. Atumie pointi zake za zawadi kabla hazijapotea, ahamishie kwingine malipo ya simu na ya bima yanayokatwa yenyewe kutoka kadi hiyo, ndipo apige simu na kuomba uthibitisho wa maandishi. Baada ya mwezi mmoja au miwili achukue taarifa zake kutoka kampuni zote tatu, ambazo siku hizi hutolewa bure kila wiki kupitia tovuti ya AnnualCreditReport.com, ahakikishe deni linasomeka sifuri na kwamba akaunti imeandikwa kuwa imefungwa kwa ombi la mwenyewe. Ikiwa imeandikwa vinginevyo, anaweza kuipinga, na kwa kawaida kampuni husika ina siku 30 za kuchunguza na kusahihisha.