Amazoni sio "asiye na titi"

Jana tena. Mtu kaposti kisanamu anakiuza, skeli ya moja kwa sita, yaani kama sentimita 30 hivi kwa urefu, boksi halijafunguliwa, na chini yake kaandika: Amazoni orijino, askari wa kike wa Ugiriki ya kale, jina maana yake "asiye na titi", ndo maana upande wa kulia kifua kiko flati. Kweli ukizuum unaona deraya imefinyangwa upande mmoja tu, mwingine umesawazishwa kama sahani. Watu wamejaza vimoto kwenye komenti. Nimejizuia, nimeshindwa.

Maana yenyewe fupi tu. Amazoni ni mwanamke wa taifa la wanawake wapiganaji kwenye hadithi za Wagiriki, waliosemekana kuishi pande za Bahari Nyeusi, kwenye mto Thermodon, ambao leo uko kaskazini mwa Uturuki. Hippolyta ndo yule wa mkanda uliofuatwa na Heracles, shujaa wa Kigiriki, Penthesilea ndo yule aliyekuja kuwasaidia watu wa Troya vitani dhidi ya Wagiriki, akauawa na Achilles, mpiganaji wa Wagiriki. Basi, hiyo ndo maana.

Sasa hili la titi. Wagiriki walikuwa na neno mazos, titi, na walikuwa na kile ki-"a" cha mwanzo wa neno kinachokanusha. Akatokea Hellanicus wa Lesbos, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 5 KK, akaunganisha: a, mazos, hao hapo, wasio na titi. Ni kama sisi na Bagamoyo, ukishalikata likawa "bwaga moyo" kila mtu anakuja na stori yake ya nani alibwaga nini, watumwa mioyo, wapagazi mizigo, na stori inakuwa tamu hadi hakuna anayeuliza kama neno lilikatwa panapostahili. Kwa Amazoni stori ikawa kwamba walilikata au kulichoma titi la kulia ili lisizuie upinde. Halafu, na hapa ndo huwa nacheka, kuna wengine hao hao wa kale walilikata neno pengine kabisa, wakasema ni a na maza, yaani mkate wa shayiri, kwa hiyo Amazoni ni watu wasiokula mkate. Mbona sijawahi kuona kisanamu kinauzwa kwa hoja kwamba huyu hana mkate?

Ukweli ni kwamba asili ya neno haijulikani kwa uhakika. Wapo wanaolipeleka kwenye lugha za Kiirani, neno lenye maana ya wapiganaji, haijathibitishwa, ila inaonekana Wagiriki walilipokea neno la wageni wakalilazimishia Kigiriki. Homer, yule mshairi wa Kigiriki ambaye ni wa zamani kuliko Hellanicus, anapowataja anawaita antianeirai, wanaolingana na wanaume. Habari ya titi hana.

Na kama hutaki maneno tumia macho. Wachoraji na wachongaji wa Kigiriki waliwatengeneza Amazoni wengi mno, kwenye mitungi, kwenye kuta za mahekalu, na wanawaonyesha na matiti yote mawili. Kuna mtungi uliochorwa na Exekias, Mgiriki, wa kama mwaka 530 KK, uko British Museum, Achilles anamchoma mkuki Penthesilea shingoni, yeye kavaa ngozi ya chui, mwili mzima kabisa. Zile sanamu za Amazoni aliyejeruhiwa, ambazo leo tunazo kwa nakala za Kirumi, vazi limeshuka begani titi moja likabaki wazi na la pili limefunikwa na kitambaa. Limefunikwa jamani, halijakatwa! Na hoja ya upinde wala haina miguu, angalia wanawake wanaolenga shabaha Olimpiki, wanavaa kikinga kidogo kifuani kazi inaendelea.

Kosa la pili dogo kidogo ila nalo linaniwasha: "askari wa kike wa Ugiriki". Amazoni hawakuwa Wagiriki, kwenye hadithi ni maadui wa Wagiriki, hadi Athens yenyewe ilisemekana waliivamia. Mke wa Mwathene hakuwa anatoka na mkuki kwenda vitani. Wanaofanana na Amazoni kweli ni wanawake wa Waskithi, wale wafuga farasi wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, ambao makaburi yao yanafukuliwa na silaha ndani. Mwaka 2019 kule Devitsa, karibu na Voronezh nchini Urusi, walitangaza kaburi la wanawake wanne wa karne ya 4 KK, mdogo wao wa miaka 12 au 13, mkubwa wao kati ya 45 na 50 na kichwani ana pambo la dhahabu, na humo humo vichwa vya mishale na mikuki. Kwa hiyo Wagiriki hawakuota tu, waliona au walisikia kitu, wakakiongezea chumvi.

Ndo maana mchoraji wa Kigiriki akitaka ujue huyu ni Amazoni mara nyingi anampa upinde, shoka, kofia ya ncha yenye masikio yanayoning'inia, na suruali ya kubana yenye mazigizaga mguu mzima. Kile cha jana kina helmeti ya shungi na joho jekundu, huyo kaazima nguo kwa askari wa Sparta, Wagiriki wenyewe.

Sisemi usikiuze kaka, uchongaji wa uso ni mzuri na bei iko poa kuliko nyingi nilizoona. Badilisha tu maandishi, weka "Amazoni, mpiganaji wa kike kutoka hadithi za Kigiriki", futa hilo la titi, na akija mteja akakuuliza mbona upande mmoja flati mwambie ni fasheni ya kiwanda.