Je, wajua kwa nini mjamzito hutweta hata kabla tumbo halijatokeza?

Feri ya Likoni ikishafunga upande wa kisiwani, umati hupanda ule mwinuko mbio mbio, kila mtu akiwahi matatu. Pembeni utamwona mwanamke mwenye mimba ya miezi mitatu amesimama, anatweta. Buibui limemsitiri, tumbo halijaonekana, na wanaompita hudhani ni uvivu au jua la Kaskazi. Akifika nyumbani kina bibi watamwambia mtoto amempanda kifuani, na mtoto mwenyewe wakati huo ana urefu wa sentimita sita hivi!

Kinachomtwetesha ni homoni iitwayo projesteroni. Huanza kuongezeka tangu wiki za mwanzo, na hukifanya kituo cha ubongo kinachosimamia pumzi kiwe chepesi kuhisi kaboni dioksidi, ile hewa chafu tunayoitoa. Kiasi ambacho zamani hakikumshughulisha sasa kinamlazimisha avute pumzi. Idadi ya pumzi haibadiliki sana. Kinachobadilika ni kina chake, kwani kila pumzi huingiza hewa zaidi kwa takriban asilimia 40. Kaboni dioksidi ikipungua katika damu ya mama, ile iliyo katika damu ya mtoto hupata pa kukimbilia: hupenya kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mama, ambaye huitoa kwa niaba yake. Mapafu ya mtoto bado hayapumui.

Miezi ya mwisho ndipo kina bibi huwa na haki kuhusu hicho kifua. Mji wa mimba hukisukuma kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, juu kwa sentimita 4 hivi, na moyo nao husogea.

Huo moyo una kibarua. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu asilimia 40 hadi 50, yaani zaidi ya lita nzima, na moyo hupiga mara 10 hadi 20 zaidi kila dakika. Ukichukua 10 tu, hayo ni mapigo 14,400 ya ziada kwa siku, hata siku anayoambiwa "leo umelala tu". Akiba hiyo ya damu ina kazi yake: siku ya kujifungua mama anaweza kupoteza karibu nusu lita na bado akasimama.

Ila maji ya damu huongezeka kuliko chembe nyekundu, kwa hivyo damu huwa nyepesi, kama mchuzi ulioongezwa maji. Ndiyo maana kliniki humpa vidonge vya madini ya chuma. Hapa niseme na sisi watu wa Pwani: chai ya rangi juu ya mahamri na mbaazi ni tamu, lakini chai huzuia chuma kisifyonzwe vizuri. Kidonge kipishane na chai kwa saa moja au mbili. Kipande cha embe au maji ya ndimu ndiyo ya kuteremshia, kwani vitamini C husaidia.

Kutweta huku kwa kawaida hutulia mtu akipumzika. Pumzi zikimpaa ghafla, au akiwa ameketi tu, au akaumwa na kifua, akafura uso na mikono au kichwa kikamgonga sana, asingojee tarehe ya kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya kujifungua pumzi hurudi upesi, lakini moyo na damu huchukua wiki kadhaa. Arobaini ya Waswahili, ya kukandwa na maji moto, kulishwa na kukatazwa kazi nzito, inakaribiana sana na wiki sita ambazo madaktari huzihesabu kuwa kipindi cha uzazi. Anayemwamsha mzazi siku ya kumi akafue ana lake jambo.

Miguu ndiyo huenda isirudi. Kano hulegea, uzito huongezeka, unyayo hulala na mguu hurefuka kidogo. Baadhi ya kina mama huhitaji viatu vya saizi ya juu maisha yao yote.