Acheni kuniambia "izimeni tu hiyo jeni"

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Mama mmoja ambaye mwanawe amepimwa na kukutwa na jeni ya Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo polepole, alinisikiliza nusu saa nzima, kisha akauliza kwa upole: "Sasa kama jeni yenyewe mnaijua, na dawa ya kuinyamazisha mnayo, kwa nini msiizime tu?"

Yeye simlaumu hata kidogo. Ninaowalaumu ni waliomfundisha kusema hivyo: wanaoandika habari za afya kwa haraka, na wenzangu wa maabara ambao wakisimama kutoa mada huweka picha ya swichi ya taa, upande mmoja jeni inawaka, upande wa pili imezimika. Nimeiona picha hiyo mara nyingi mno na nimenyamaza. Leo sinyamazi, kwa sababu hiyo "tu" inawavunja watu moyo kila jaribio linaposhindwa. Wanadhani tulikuwa na swichi mkononi tukashindwa kuibonyeza.

Kwanza, dawa hizi haziigusi jeni. DNA ya mgonjwa ni ileile kabla ya sindano na baada ya sindano, herufi kwa herufi, na watoto wake watarithi kilekile ambacho wangerithi. Tunacholenga ni RNA mjumbe, nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili itengeneze protini. Oligo, uzi mfupi wa herufi kama 20, hujibandika kwenye RNA inayolingana nayo. Kimeng'enya cha RNase H1, ambacho seli inacho tayari, kinaikata RNA hiyo. Oligo inabaki nzima na kwenda kutafuta nyingine. siRNA, aina nyingine ya dawa yenye nyuzi fupi mbili za RNA, inapita njia ya Argonaute 2, protini nyingine ya seli inayokata RNA, mkondo ambao wanasayansi Fire na Mello walitufungulia kwa minyoo mwaka 1998 na kupewa Nobel mwaka 2006. Mwisho wa njia zote mbili ni mmoja: nakala zimepungua, protini imepungua. Jeni yenyewe inaendelea kuchapa nakala mpya saa ileile. Acha kuchoma sindano, na baada ya miezi kadhaa protini imerudi ilikokuwa.

Kwa hiyo ukitaka mfano, achana na swichi. Fikiria watu wanaochota maji na kuyamwaga nje ya mashua inayovuja. Tobo liko palepale. Unachopunguza ni maji, na ukipumzika yanajaa tena.

Neno "kunyamazisha" lenyewe limetuponza. Aliyenyamazishwa hasemi kabisa. Sisi tukiwa kazini hatulitumii sana. Tunasema tumeishusha protini kwa asilimia 40, au imegoma kushuka. Kuna jambo jingine nitalipita haraka: nusinersen, dawa ya watoto wenye udhaifu wa misuli wa SMA iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016, hutajwa kila mara katika kundi hili, lakini hainyamazishi chochote. Inaibadili namna RNA ya jeni ya SMN2 inavyokatwa na kuungwa, ili eksoni ya 7, kipande kimojawapo cha RNA hiyo, isiachwe nje, na protini iongezeke. Ni oligo, inachomwa mgongoni kama nyingine kadhaa, ila kazi yake ni kinyume kabisa.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa. Ukishakubali kwamba tunashusha, swali linalofuata ni kushusha kwa kiasi gani, na hapo kila protini ina sheria zake.

Chukua transthiretini. Protini hii hutengenezwa zaidi na ini, na kwa watu wenye badiliko fulani la jeni hujikusanya kwenye neva na kuziharibu. Patisiran, siRNA ya kwanza kuidhinishwa duniani, mwaka 2018, huishusha kwenye damu kwa kama asilimia 80, na wagonjwa wengi wakapata nafuu ya kweli. Unaweza kuishusha kiasi hicho kwa sababu mwili unaweza kuishi na kidogo sana ya protini hiyo. Kazi yake mojawapo ni kusafirisha vitamini A, kwa hiyo mgonjwa anapewa vitamini A ya ziada, basi. Nadhani ushindi huo ndio uliotulevya. Tuliona asilimia 80 tukadhani tumepata kanuni.

Huntingtini, protini inayotokana na jeni ya Huntington, si transthiretini. Iko ndani ya niuroni zote, yaani seli za neva, na tangu mwaka 1995 tunajua kwamba kiinitete cha panya kisicho nayo kabisa hufa mapema tumboni. Mgonjwa ana aleli mbili, yaani jeni hiyo ya kutoka kwa baba na ya kutoka kwa mama; moja ina marudio marefu ya herufi CAG na nyingine ni nzima. Tominersen, oligo ya Huntington, ilishusha protini za zote mbili bila kuchagua. Jaribio la mwanzo, la watu 46, lilionyesha protini mbaya kwenye maji ya uti wa mgongo ikishuka kwa kama asilimia 40 kwenye dozi za juu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2019, watu walilia kwa furaha, nami nikiwa mmoja wao. Kisha likaja jaribio kubwa la watu 791. Machi 2021 sindano zikasimamishwa. Waliochomwa kila baada ya wiki 8 walikuwa wanafanya vibaya kuliko waliopewa dawa bandia.

Someni sentensi hiyo tena. Protini ilishuka, na wagonjwa wakazidi kuumia. Kama ingekuwa swichi, jambo hilo lisingewezekana.

Nini kilitokea? Wenzangu wamegawanyika. Wengine wanasema ni upungufu wa huntingtini nzima, wengine ni dozi kubwa mno iliyochokoza ubongo, kwani vyumba vya maji ya ubongo vilipanuka. Mimi naegemea upande wa dozi, ila siwezi kuapa. Ndiyo maana jaribio lililofuata lilianza na miligramu 60 na 100, kila baada ya wiki 16, badala ya 120. Walioamua kulenga aleli mbaya peke yake nao walikutana na yao: inabidi utafute herufi moja inayozitofautisha aleli mbili, si kila mgonjwa anayo, na dawa mbili za mwanzo za aina hiyo ziliachwa mwaka huohuo wa 2021 kwa sababu hazikuishusha protini vya kutosha.

Mtu ataniambia, sawa, lakini protini ya SOD1 je? Hiyo si sumu tupu, kwa nini isizimwe? Hapana. Mwaka 2019 waliripotiwa watoto waliozaliwa bila SOD1 inayofanya kazi kabisa, na walikuwa na ugonjwa mkali wa mishipa ya mwendo. Yaani protini ileile ambayo ikiharibika inaleta ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, kwa mtu mzima, ikikosekana kabisa inamlemaza mtoto. Tofersen, oligo ya ALS ya aina hiyo, haizimi SOD1. Inaishusha, na tunashukuru kwamba haiwezi zaidi ya hapo.

Halafu kuna suala la mahali. Oligo haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo inabidi tuipeleke. Nimesimama pembeni ya kitanda mara kadhaa na natamani kila anayesema "tu" angesimama pale. Mgonjwa analala ubavu, magoti yamekunjwa hadi tumboni, mgongo umepinda kama upinde. Sindano ndefu nyembamba inaingia kati ya pingili mbili chini ya kiuno. Kwa muda hakuna anayeongea. Kisha tone la kwanza linatokea kwenye tundu la sindano, angavu kama maji ya mvua, na daktari anashusha pumzi. Kwa tofersen hutolewa kama mililita 10, kisha zinaingizwa mililita 15 zenye miligramu 100 za dawa, polepole, kwa dakika 1 hadi 3. Dozi tatu za mwanzo ni kila baada ya siku 14, zinazofuata kila baada ya siku 28. Maisha yote.

Dawa iliyoingia hapo inasambaa vizuri kwenye uti wa mgongo na gamba la ubongo. Ndani kabisa, kwenye striatamu, sehemu ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, inafika kidogo. Na Huntington inaanzia kwenye striatamu. Zaidi ya hapo, ile asilimia 40 tuliyoishangilia ilipimwa kwenye maji, na maji hayo hayakuambii protini imeshuka kiasi gani kwenye kila sehemu ya ubongo. Tunachota ukingoni na kukisia kina. Nimekaa vikao vingi ambamo namba hiyo ilitajwa kana kwamba ni ya ubongo mzima, na sikunyanyua mkono kila mara niliyopaswa kuunyanyua.

Oligo yenyewe nayo ina tabia zake. Ikikaushwa inakuwa nyeupe, nyepesi, kama pamba iliyochambuliwa, na ukifungua kichupa karibu na pua utaipeperusha kwa pumzi. Huwezi kuamini kwamba kitu hicho kinaweza kuwa na hasira. Nimewahi kuwa na oligo mbili kwenye RNA ileile, ya pili ikianzia herufi mbili tu mbele ya ya kwanza. Zote zilishusha lengo sawasawa kwenye seli. Panya waliopata ya kwanza walitembea, wakala, wakajenga kiota. Waliopata ya pili, ilipofika saa ya tatu baada ya sindano, walikuwa wamelala ubavu wakitetemeka. Sehemu ya maelezo tunayo: uti wa oligo, mnyororo wa kemikali ya fosforothioati unaoshikilia herufi zake, una chaji hasi nyingi na unanasa kalsiamu na magnesiamu, ndiyo maana tunayaweka madini hayo kwenye kimiminiko cha sindano. Lakini oligo zote mbili zilikuwa na uti huohuo na zilichanganywa kwenye kimiminiko kilekile. Vitabu vitakupa kanuni za kuchagua mfuatano wa herufi. Mimi ninachojua ni kwamba bado tunatengeneza mamia, tunazijaribu, na tunatupa karibu zote.

Tofersen imenifundisha shaka nyingine. Jaribio lake la watu 108 lilishindwa katika lengo lake kuu: kwa wiki 28, kushuka kwa uwezo wa mwili hakukutofautiana vya kutosha na dawa bandia. Lakini nyurofilamenti nyepesi, vipande vya mifupa ya niuroni vinavyovuja zinapoumia, zilishuka sana kwenye damu. Na walioanza dawa mapema, wakifuatiliwa hadi wiki 52, walielekea kupoteza nguvu polepole kuliko waliochelewa kuianza. Aprili 2023 Marekani ikaidhinisha kwa njia ya haraka, ikitegemea nyurofilamenti hizo. Niliunga mkono uamuzi huo na ningeuunga tena, kwa sababu wenye SOD1 ni kama asilimia 2 ya wagonjwa wote wa ALS na hawana muda wa kusubiri jaribio kamilifu. Hata hivyo nikiwa peke yangu hujiuliza kama tumeanza kupenda kipimo kinachoshuka kuliko mguu unaonyanyuka. Kwa baadhi ya wagonjwa dawa imeuvimbisha uti wa mgongo wenyewe, na hilo pia lisemwe kwa sauti ileile.

Na kwa Huntington kuna jambo linaloninyima usingizi. Utafiti uliotoka Januari 2025 ulionyesha kwamba ndani ya niuroni za striatamu marudio ya CAG hurefuka taratibu kwa miaka mingi, kutoka arobaini na kitu hadi zaidi ya 150, na seli inaanza kuharibika hapo mwishoni. Ikiwa ndivyo, huenda kwa miaka hiyo yote tulikuwa tunashusha protini ambayo kwenye seli nyingi bado haina madhara makubwa. Wapo sasa wanaolenga kushusha MSH3, protini inayosaidia marudio hayo kurefuka. Nimekuwa upande wa kushusha huntingtini tangu nianze kazi hii, na kusema hivi hadharani si rahisi kwangu.

Haya ndiyo niliyomweleza yule mama, kwa maneno machache kuliko haya. Nilimwambia pia kuhusu ATLAS, jaribio la tofersen lililoanza mwaka 2021 kwa watu wenye mabadiliko makali ya SOD1 ambao bado hawana dalili yoyote. Wanafanya kazi zao, wanalea watoto wao, na wanatolewa damu mara kwa mara. Siku nyurofilamenti zinapovuka kiwango kilichowekwa, sindano zinaanza, kabla mkono haujaanza kudondosha kikombe. Kwa Huntington pia nyurofilamenti hupanda miaka mingi kabla ya dalili.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama damu ya mwanawe imewahi kupimwa hizo nyurofilamenti, na kama haijapimwa, aanzie wapi kuomba. Tulikaa tena saa nzima.