Kabla ya karatasi ya pili ya majaribio, soma makosa ya ile ya kwanza

Mtihani wa hisabati ukikaribia, wengi wetu hukimbilia mitihani ya miaka iliyopita. Si vibaya. Shida ni jinsi inavyotumika: mtoto anafanya karatasi nzima, inasahihishwa, anapata 22 kati ya 40, kesho anapewa nyingine. Karatasi ya kumi bado yuko kwenye 23, maana hakuna aliyekaa naye kuona yale 18 aliyakosaje.

Katika maswali ya kuchagua, majibu yasiyo sahihi hayapangwi ovyo. Mtunzi makini huyatoa kwenye makosa ambayo watoto huyafanya kweli. Chukua 503 − 278. Jibu ni 225. Aliyechagua 375 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa katika kila safu, bila kujali ipi iko juu: 8 toa 3, 7 toa 0, 5 toa 2. Aliyechagua 235 amekopa, lakini ameacha makumi yakiwa 10 badala ya 9 baada ya kuyapitisha kwa mamoja. Aliyechagua 325 amefanya vizuri mamoja na makumi, ila amesahau kwamba mamia yamebaki 4.

Hao ni watoto watatu wenye alama ileile ya kosa, na dawa zao hazifanani. Wa kwanza hajaelewa thamani ya nafasi, kwa hiyo arudi kwenye vijiti vilivyofungwa kumi kumi, afungue furushi kwa mikono yake. Wa pili aandike 503 kama mamia 4, makumi 9 na mamoja 13 kabla ya kutoa chochote. Wa tatu anahitaji tu mazoea ya kukata tarakimu iliyokopwa na kuandika mpya juu yake, kisha ahakiki kwa kujumlisha: 278 na 325 ni 603, si 503. Ukiwapa wote maswali 30 ya kutoa, wa kwanza atalizoea kosa lake mara 30.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza ifanywe bila saa, na mtoto asifute njia aliyopita. Kwa kila swali alilokosa mwambie, "Nionyeshe ulivyofanya," halafu nyamaza. Ukimkatiza kumrekebisha, hutajua alikuwa anaelekea wapi. Kwenye daftari la makosa andika swali, jibu alilotoa, njia aliyopita na chanzo: hajui dhana, anajua dhana ila hatua zinamponyoka, hakuelewa swali linataka nini, au alikosea kunakili na kujaza. Neno "uzembe" silikubali kwenye safu hiyo. Halimwambii mtu kesho afundishe nini.

Sehemu ndizo zinazohitaji subira kuliko mada nyingine yoyote. Mtoto akiandika ½ + ⅓ = 2/5, usikimbilie KDS, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2 na kwa 3 bila baki. Muulize kwanza: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Basi tumeanza na nusu, tukaongeza kitu, tukapata pungufu ya nusu? Acha swali hilo limsumbue kidogo. Kisha kata ukanda wa karatasi wenye sentimita 12. Nusu yake ni sentimita 6, theluthi ni sentimita 4, jumla 10 kati ya 12, yaani 5/6. Urefu wa 12 umechaguliwa kwa sababu unagawanyika kwa 2 na kwa 3 bila baki, na hapo ndipo KDS inapoingia ikiwa na maana. Kwenye desimali, anayesema 0.45 ni kubwa kuliko 0.5 anasoma 45 na 5 kama namba nzima. Kumfundisha kuongeza sifuri ili iwe 0.50 kunasaidia, ila mtake aseme pia kwa mdomo: sehemu 4 za kumi na kidogo, dhidi ya sehemu 5 za kumi. Na saa nazo: anayepata dakika 75 kati ya 1:40 na 2:15 amekopa 100 mahali pa 60.

Mafumbo yana mtego wake, na mara nyingine mtego huo huwekwa na mwalimu mwenyewe kwa kufundisha kwamba "zaidi" maana yake ni kujumlisha. Soma hili: Neema ana vitabu 12. Ana vitabu 5 zaidi ya Baraka. Baraka ana vingapi? Aliyekariri maneno atajibu 17. Achore mistari miwili, mrefu wa Neema na mfupi wa Baraka, aandike 5 kwenye tofauti. Ataona 7 mwenyewe. Mazoea mengine yanayolipa ni kuandika jibu kama sentensi kamili. Wanafunzi 130, basi moja hubeba 40: hesabu inatoa 3 baki 10, lakini sentensi "yanahitajika mabasi…" humkumbusha kwamba wale 10 nao wanasafiri.

Mazoezi yawe mafupi na ya kila siku. Dakika 20 hadi 25 zinatosha, na zinazidi saa mbili za mara moja kwa wiki. Mimi hupanga maswali 8: matatu ya mada ya wiki, matatu ya mada za zamani, mawili kutoka daftari la makosa, namba zikiwa zimebadilishwa. Yachanganywe. Mtihani haumwambii mtoto "sasa tunagawanya", na kutambua aina ya swali ni nusu ya kazi. Swali lililokosewa lirudi baada ya siku mbili, kisha wiki, kisha wiki tatu.

Jedwali la kuzidisha lisiogopwe. Kuanzia 2 hadi 9, ukihesabu 7 × 8 na 8 × 7 kuwa kitu kimoja, yanabaki mazao 36. Ondoa yenye 2 na 5, yanabaki 21. Hayo ndiyo ya kukaririwa.

Saa iingie wiki mbili za mwisho. Maswali 40 kwa dakika 60 ni dakika moja na nusu kila moja, lakini afanye kwa raundi mbili: kwanza anayoyajua, kisha aliyoyaruka. Hatari ya kuruka iko kwenye karatasi ya majibu: akiruka swali la 14 na kujaza jibu la 15 mahali pake, yote yanayofuata yanahama. Afanye mazoezi na karatasi ya kujaza yenyewe, na kila baada ya maswali matano alinganishe namba. Jueni mapema kama jibu baya hukatwa alama. Kama halikatwi, asiache nafasi tupu. Hata kubahatisha kuna ufundi. Kwa 48 × 21, penye 108, 1,006, 1,008 na 10,080, makadirio ya 50 × 20 yanaondoa mawili, na 8 × 1 inaondoa 1,006.

Siku tatu za mwisho ni za daftari la makosa peke yake. Njia mpya iliyoshikwa nusunusu hujichanganya na ile ya zamani katikati ya swali.