Usanisinuru: jinsi jani linavyogeuza hewa kuwa chakula

Shuleni tulikaririshwa kwamba usanisinuru ni mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ni kweli, ila maelezo hayo yanaficha jambo la ajabu kuliko yote: ukikausha gogo la mwembe, karibu uzito wote unaobaki ulitoka kwenye hewa na maji. Udongo ulichangia madini kidogo tu. Jan van Helmont, mwanasayansi wa Brussels wa karne ya 17, alipanda mche wa mwerebi kwenye chombo cha udongo aliokwisha kuupima. Miaka 5 baadaye mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo 70, na udongo haukupungua hata gramu 100. Akahitimisha kwamba mti umejengwa kwa maji matupu. Hewa hakuiwazia.

Kazi yenyewe hufanyika ndani ya kloroplasti, vijichembe vya kijani ambavyo seli moja ya jani huweza kuwa navyo makumi kadhaa. Humo mna vifuko bapa vilivyopangwa kama sarafu zilizobebana, na kwenye utando wake ndiko iliko klorofili, rangi ya kijani inayonasa nuru. Nuru ikiigonga, klorofili hupoteza elektroni. Pengo hilo lazima lizibwe, na elektroni za kuliziba hutolewa kwenye maji. Maji yanapasuliwa, oksijeni inatoka nje. Hapa wengi hukosea: oksijeni tunayovuta hutoka kwenye maji, si kwenye kabonidioksidi. Wanakemia Samuel Ruben na Martin Kamen walilionyesha hilo mwaka 1941 kwa kutumia oksijeni nzito, yaani yenye atomu nzito kuliko za kawaida, ambayo njia yake huweza kufuatiliwa. Nishati ya nuru huhifadhiwa katika molekuli mbili, ATP na NADPH.

Molekuli hizo ndizo zinazoendesha hatua ya pili. Kabonidioksidi iliyopenya kupitia stomata, vitundu vidogo vya jani, hudakwa na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho rubisko, kisha huunganishwa hatua kwa hatua hadi kuwa sukari. Mwanakemia Melvin Calvin alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuufuatilia mzunguko huo. Vitabu vingi huiita hatua hii ya pili hatua ya giza, jina ambalo naona linapotosha, kwa sababu mimea mingi huifanya mchana, wakati ATP inapatikana.

Rubisko ina udhaifu. Ni ya polepole, hushughulikia molekuli chache tu kwa sekunde, tena joto likipanda hudaka oksijeni kimakosa na mmea kupata hasara. Muhindi, muwa na mtama vimelikwepa tatizo hili kwa kugawana kazi: seli za nje hudaka kabonidioksidi kwa kimeng'enya kingine kisichovutwa na oksijeni, kisha huipeleka kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani. Huko ndiko rubisko iliko, imezingirwa na kabonidioksidi tele. Mharage uliopandwa ubavuni mwa muhindi, shamba lilelile, hauna mpango huo. Saa sita mchana jua likiwaka, rubisko yake hukosea mara nyingi zaidi.