Mobil 1 kwenye IST ya foleni: pesa yako inanunua nini hasa

Jumamosi asubuhi dada mmoja aliingia gereji na Toyota IST yake, akafungua buti, akanionyesha dumu jipya la lita 4 la oili ya injini ya Mobil 1, 5W-30. Kaka yake ndiye aliyemsisitizia: weka hiyo, usiweke nyingine. "Fundi, mimi haya mambo siyajui," akasema, "ila bei yake imenitoa jasho. Niambie ukweli, inastahili?" Nikamwomba tusilifungue kwanza.

Swali hilo naulizwa karibu kila wiki, na majibu ya mtaani yanajulikana. Fundi mmoja atakwambia hiyo ndiyo oili, nyingine zote ni maji. Mwingine atakwambia hiyo ni ya Wazungu na baridi yao, huku kwetu weka nzito. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Kabla ya kufungua gereji hapa Dar nilikaa miaka tisa kwenye karakana ya mgodi Kanda ya Ziwa, kazi yangu ikiwa kuchukua sampuli za oili kwenye mitambo na kusoma majibu ya maabara. Oili niliizoea kuisoma kwa namba, kwa hiyo naomba niichambue hii kwa namba.

Mobil 1 iliingia sokoni Marekani mwaka 1974. Oili ya kawaida ni mafuta ghafi yaliyosafishwa, na hata yakisafishwa vipi, molekuli zake hubaki za maumbo na ukubwa tofauti. Mobil 1 ilijengwa juu ya polialfaolefini, yaani molekuli zinazotengenezwa kiwandani kutokana na gesi ya ethilini, zikiwa karibu zote za umbo moja. Faida zake kubwa ni mbili: oili haigandi upesi kwenye baridi, na haiozi upesi kwenye joto. Nasema kuoza kwa makusudi. Oili ikichemshwa muda mrefu huku inapigwa na hewa huungana na oksijeni, ikawa nzito, ikawa na asidi, mwisho ikaacha tope jeusi kama uji wa ulezi ulioungua chunguni.

Baadaye jina "sintetiki", yaani oili ya kutengenezwa kiwandani, likapanuka. Wasafishaji walijifunza kupasua mafuta ghafi kwa haidrojeni mpaka yakakaribia sana ubora wa zile za kiwandani. Haya ndiyo yanayoitwa kundi la III kwenye mpangilio wa API, taasisi ya mafuta ya Marekani, na polialfaolefini ni kundi la IV. Mwaka 1999 Mobil ililalamika Marekani kwamba mshindani wake, Castrol, inaita oili ya kundi la III sintetiki. Chombo cha kusimamia ukweli wa matangazo kikaipa haki Castrol. Tangu hapo neno hilo juu ya dumu halikuambii tena kilichomo ndani. Mimi sioni kosa kubwa hapo, kwa sababu oili ya kundi la III iliyochanganywa vizuri ni oili nzuri sana, na nimewawekea wateja wengi wasiokuwa na bajeti ya Mobil 1 bila wasiwasi wowote.

Sasa tuje kwenye baridi. Hiyo 5W, W ni ya majira ya baridi, na maana yake oili imepimwa na ikakubali injini kuzungushwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. 0W ni nyuzi 35 chini ya sifuri. Hata 15W, ambayo watu huiona nzito, hupimwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Dar asubuhi ya mwezi wa saba ukivaa sweta bado uko kwenye nyuzi 18 au 20 juu ya sifuri. Hata huko Makete, ambako theluji ya umande huonekana kwenye majani ya Kitulo, 15W haijafika kwenye mpaka wake. Kwa hiyo sehemu moja ya kile unacholipia kwenye Mobil 1 hutakitumia hata siku moja.

Lakini hapa ndipo fundi wa "weka nzito" anapoteleza. Injini ya IST ilitengenezwa kwa 5W-30; hiyo 30 ni uzito wa oili injini ikiwa imepata moto. Ukiiwekea 20W-50, asubuhi kabla injini haijapata moto oili hiyo ni nzito zaidi ya mara mbili ya ile inayotakiwa, hata kwenye joto la Dar. Mfumo wa VVT-i, unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, unasukumwa na presha ya oili kupitia njia nyembamba. Oili ikichelewa, nao unachelewa.

Joto ndilo jambo letu. Watu huhesabu kilomita, na kilomita ndizo zinazowadanganya. Mgodini tulichukua sampuli kila saa 250 za kazi, hakuna aliyeuliza mtambo umetembea kilomita ngapi. Fanya hesabu hiyo kwa gari lako. Mtu anayetoka Dar kwenda Dodoma kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, kilomita 5,000 zake ni kama saa 83 za injini. Mtu wa Mbagala kwenda Posta, foleni asubuhi na jioni, wastani wa kilomita 15 kwa saa, kilomita 5,000 hizohizo ni saa 333. Injini imewaka mara nne zaidi, nyingi ya saa hizo gari limesimama, AC inafanya kazi, upepo wa mwendo haupo. Wote wawili wana kibandiko kilekile cha sevisi kwenye kioo. Kwa huyu wa foleni, oili inayovumilia joto ina maana.

Jambo lingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi: Mobil 1 ni ukoo wa oili, wala si oili moja. Kuna 0W-20, kuna 5W-30 ya kawaida, kuna ESP 5W-30, kuna FS 0W-40, kuna 5W-50. Chukua hizo 5W-30 mbili. Namba mbele ya dumu ni ileile, lakini tabia ni tofauti. Kuna kipimo cha uzito wa oili kikifanywa kwenye nyuzi 150 huku inakamuliwa kwa kasi, kama inavyokamuliwa kati ya kranki na beringi zake. Daraja la 30 linaruhusiwa kushuka hadi 2.9. ESP, kwa kuwa imeidhinishwa kwa daraja la C3 la ACEA, chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya, lazima ifike angalau 3.5. Mwenye gari la Ulaya akiuziwa ile ya kwanza kwa sababu "Mobil 1 ni Mobil 1", amelipa bei kubwa akapata oili isiyo yake. Ndiyo maana nasisitiza geuza dumu, soma mgongo wake. Tafuta daraja la API (SP ndilo lililoanza kutumika 2020), tafuta ACEA, tafuta idhini ya mtengenezaji wa gari. FS 0W-40, kwa mfano, ina idhini ya Mercedes 229.5 na Porsche A40. Maneno ya mbele ya dumu ni ya muuzaji. Ya nyuma ndiyo yaliyopita maabara.

Nikarudi kwa dada yule. Nilifungua mfuniko wa kuwekea oili, nikamwambia achungulie na tochi ya simu. Pembeni kulikuwa na utando wa kahawia iliyokolea, unaong'aa kama lami. Kisha nikafungua bolti moja kwenye silinda hedi, ambayo ndani yake kuna kichujio cha waya cha oili inayokwenda kwenye valvu ya VVT-i. Ni kidogo, kinakaa juu ya kucha ya kidole gumba. Nilimwekea kiganjani. Zaidi ya nusu ya matundu yalikuwa yameziba. "Ndiyo maana inatetemeka nikiwa kwenye mataa?" akauliza. Nikamwambia inawezekana kabisa, tuanze na hilo.

Alikuwa amewekewa 20W-50 ya bei ya chini, na mara ya mwisho alipitisha miezi kumi. Injini ya namna hiyo sikuweka Mobil 1 siku ile. Sabuni zilizomo kwenye oili nzuri zitaanza kubandua utando, tope litaingia kwenye oili, na litatoka pamoja nayo tutakapoimwaga mapema. Kumwaga oili ya bei ile baada ya kilomita 2,000 ni kumwaga pesa mtaroni. IST inameza lita 3.7 pamoja na filta. Niliweka 5W-30 ya bei ya kati yenye API SP, filta mpya, kichujio nikakisafisha. Dumu lake nikamrudishia likiwa limefungwa.

Kuna injini ambazo nikiulizwa sisiti. Forester ya turbo, kwa mfano: shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya oili pekee, na ukizima gari ghafla oili iliyobaki mle inachemka palepale. Injini ndogo mpya za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda nazo zina ugonjwa wa mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati kwenye mwendo mdogo, unaoweza kupasua pistoni. Oili ya API SP imejaribiwa kuuzuia. Hizo wekea Mobil 1 ya daraja lake, au sintetiki nyingine yenye idhini hizohizo. Ila injini inayokula oili, moshi wa bluu nyuma, kila wiki unaongeza nusu lita, tafadhali usiipe. Ringi zilizokwisha haziponi kwa oili.

Mimi mwenyewe natumia FS 0W-40 kwenye gari langu la turbo, na nilipeleka sampuli maabara baada ya kilomita 7,000. Uzito ulikuwa bado kwenye daraja la 40, na chuma kinachotokana na injini kusagika kilikuwa kidogo. Akiba ya kupambana na asidi ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu, kwa hiyo sikuongeza kilomita, na simshauri mtu wa foleni aongeze. Silika ndiyo iliyonishtua. Silika kwenye oili ni vumbi. Boksi la filta ya hewa lilikuwa halijakaa vizuri, nami nilikuwa nasaga beringi kwa mchanga huku nimeweka oili ghali. Hakuna oili inayozuia hilo. Kagua filta ya hewa kabla hujafikiria kupandisha daraja la oili.

Na bandia zipo. Mteja wangu mmoja alinunua kwenye duka ambalo sitalitaja, dumu ni halisi kabisa, lakini pete ya mfuniko ilikuwa imebandikwa kwa gundi, na ndani mlikuwa na oili iliyonuka kama iliyokwisha kutumika. Madumu matupu yana wanunuzi. Hapa gereji kila dumu likiisha natoboa kitako kwa bisibisi mbele ya mteja, na wewe ukimwaga nyumbani fanya hivyohivyo.

Yule dada atarudi akifikisha kilomita 2,000. Tutafungua tena ile bolti, na kichujio nitamwekea kiganjani mwenyewe akiangalie. Kikiwa safi, dumu lake la Mobil 1 tutalifungua siku hiyo.