Macho ya Paka Hayatoi Mwanga, na Yako Vilevile

Wapo wengi wanaoamini kwamba jicho hutupa miale yake kwenye kitu, ndipo kikaonekana. Ushahidi wao ni macho ya paka yanayowaka usiku. Imani hii ni ya kale mno. Hata Euclid na Ptolemy, vichwa vikubwa vya hesabu, waliishikilia. Aliyeibomoa ni Ibn al-Haytham, mwanasayansi mzaliwa wa Basra, Iraq ya leo, miaka 1,000 hivi iliyopita. Hoja yake mojawapo naipenda kwa wepesi wake: ukilikodolea jua, jicho linauma. Basi kuna kitu kinachoingia.

Kinachoingia ni mwanga. Unatoka kwenye jua au taa, unagonga kitu, sehemu yake inafyonzwa na nyingine inarudishwa, nayo hupita kwenye mboni hadi kwenye retina, yaani tabaka la nyuma ya jicho linalohisi mwanga. Jani bichi hufyonza zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, kijani kikabaki kutufikia.

Watu hudhani kuakisi ni kazi ya kioo tu. La hasha! Karatasi nyeupe nayo huakisi mwanga mwingi, ila uso wake una vinundu vidogo vidogo vinavyotawanya miale kila upande. Ndiyo maana huioni sura yako humo, lakini karatasi yenyewe unaiona ukiwa pembe yoyote.

Na paka je? Nyuma ya retina yake kuna utando unaorudisha mwanga uliokwisha kuingia. Mweke kwenye chumba kisicho na mwanga hata chembe: macho hayang'ai, na yeye mwenyewe haoni kitu.